Kununua na kutunza Subaru iliyotumika: chagua injini kwanza, rangi baadaye

Wamiliki wa Subaru hawakubaliani, na kila upande una ushahidi wake. Mmoja ana Forester iliyovuka kilomita 300,000 bila injini kufunguliwa. Jirani yake mwenye gari la mwaka huohuo ameshaweka injini nyingine, na bado linachemsha kila linapopanda mlima. Ukichunguza magari hayo mawili utakuta yanatofautiana kwa mambo matatu: aina ya injini, namna mmiliki wa kwanza alivyoangalia maji na oili, na kama fundi anajua kwamba Subaru haitengenezwi kwa mazoea ya Corolla. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kununua Subaru iliyotoka Japani, au anayo tayari na anataka idumu.

Jina zuri na jina baya vilikotoka

Fuji Heavy Industries, watengenezaji wa Subaru, iliundwa Julai 1953 kutokana na mabaki ya kiwanda cha ndege cha Nakajima, kilichoanzishwa mwaka 1917 na kugawanywa vipandevipande baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kampuni tano ziliungana kuwa moja, na nembo ya nyota sita za Kilimia, moja kubwa na tano ndogo, inaonyesha muungano huo. Gari dogo la Subaru 360 lilitoka mwaka 1958. Kampuni yenyewe ilichukua jina la Subaru Aprili 2017.

Mwaka ulio muhimu zaidi kwa mnunuzi wa leo ni 1966. Mwaka huo Subaru 1000 ilitoka na injini ambayo silinda zake zimelazwa kushoto na kulia, pistoni zikisukumana kwa kuelekeana. Mwaka 1972 Leone ikaongezewa uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne. Mambo hayo mawili, injini ya bokseri na magurudumu manne yanayovuta, yamebaki kuwa Subaru mpaka leo. Legacy ya mwaka 1989 ilileta familia ya injini za EJ, Impreza ikafuata mwaka 1992, na Forester mwaka 1997. Injini za EJ zilitengenezwa kwa takriban miaka thelathini, na ndizo zilizojaa barabara za Nairobi, Arusha na Dar es Salaam.

Mapenzi ya Afrika Mashariki kwa gari hili yametokana pia na Safari Rally. Colin McRae aliishinda kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akaishinda kwa Impreza mwaka 2000, na Patrick Njiru wa Kenya aliwafanya Wakenya wengi waijue Subaru kabla ya hapo. Lakini gari la mashindano huhudumiwa na kundi la mafundi kila hatua ya safari. Anayenunua Impreza ya turbo akitarajia ustahimilivu ule bila huduma ile anajitafutia hasara.

Kulaza injini kuna faida na gharama zake. Uzito unakaa chini, gari linashika barabara vizuri kwenye kona na kwenye tope. Gharama ni kwamba gasketi za silinda hedi zimesimama wima ubavuni, na ukingo wao wa chini hulowa oili na maji saa zote, hata injini ikiwa imezimwa. Plagi zimefichwa kando, karibu na chesisi. Hewa ikiingia kwenye mfumo wa maji haitoki kirahisi. Karibu kila lalamiko utakalolisikia kuhusu Subaru linaanzia hapo.

Injini ipi

Usianze na mwaka wala rangi. Fungua boneti, soma kibati chenye namba ya chesisi, kisha jua injini.

EJ20 isiyo na turbo ndiyo chaguo salama kwa mtu wa kawaida. Iko kwenye Forester za SG5 (hizi ni herufi na tarakimu za mwanzo za namba ya chesisi), Legacy za BP5 na BL5, na Impreza nyingi. Silinda yake ina kipenyo cha mm 92, hivyo ukuta kati ya silinda na njia ya maji ni mnene na gasketi ina nafasi ya kutosha kukaa. Inaweza kuvuja oili pembeni ikizeeka, lakini haina tabia ya kuua gasketi kama ndugu yake mkubwa.

EJ25 ndiyo iliyoipa Subaru jina baya, hasa Marekani ambako iliuzwa kwa wingi. Ili kupata lita 2.5 silinda zilipanuliwa hadi mm 99.5 ndani ya bloku ya umbo lilelile, na eneo la kubanwa na gasketi likapungua. Zile za miaka ya 1996 hadi 1999 zenye kamshafti (shafti zinazofungua valvu) nne huvuja kwa ndani: gesi ya mwako inaingia kwenye maji, gari linachemsha ghafla. Zile zilizofuata, zenye kamshafti mbili, huvuja kwa nje, taratibu, kwenye kona za chini za silinda hedi. Forester ya SG9 na Legacy ya BP9 ni za lita 2.5. Ukilipenda gari la namna hiyo, uliza kama gasketi zimebadilishwa na kuwekwa za chuma zenye tabaka kadhaa. Kama hazijabadilishwa, toa gharama hiyo kwenye bei.

EL15 ya lita 1.5, iliyo kwenye Impreza za GH2 na GH3, haina mbio, lakini haina visa vingi. Mtu wa mjini asiyehitaji nguvu angefanya vyema kuipa nafasi.

FB20 ilianza mwaka 2010. Forester yenye namba ya SHJ, SJ5, na Impreza za GP6 na GP7 zina injini hii. Inatumia mnyororo badala ya mkanda wa taiming, na tatizo la gasketi limepungua sana. Kilichojitokeza badala yake ni ulaji wa oili. Ringi za kufuta oili hazikufanya kazi vizuri kwenye baadhi ya injini za miaka ya mwanzo. Wamiliki wa Marekani walifungua kesi mwaka 2014, na maridhiano yakaongeza dhamana ya magari husika hadi miaka 8 au maili 100,000. Gari lililotoka Japani halina dhamana hiyo, kwa hiyo kipimo ni chako mwenyewe: jaza oili hadi alama ya juu, endesha kilomita 1,000, pima tena sehemu ileile. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni takriban lita moja. Ikipungua zaidi ya nusu ya nafasi hiyo, bado unaweza kuishi na gari, mradi upime kila ukijaza mafuta na utembee na oili ya akiba. Injini za FB hazifi kwa kula oili. Hufa mwenye gari asipopima.

Za turbo zinataka moyo na mfuko. EJ205 ya Impreza WRX na Forester ni injini nzuri ikitunzwa. Legacy za turbo mbili za miaka ya 1998 hadi 2003 zina mipira mingi ya vakyumu na valvu za kubadilisha turbo; ikipotea moja, gari linapoteza nguvu na mafundi wengi hawajui pa kuanzia. Kama huna fundi anayezijua kwa jina la kila mpira, ziache.

Ukaguzi kabla ya kutoa pesa

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa injini; ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Magonjwa mengi ya Subaru hujificha injini ikishapata joto, na mengine huonekana baada ya joto tu, kwa hiyo unahitaji kuiona katika hali zote mbili.

Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Unataka kuona kulanti ya kijani au bluu, safi, imejaa hadi shingoni. Maji matupu yenye rangi ya kutu ni habari mbaya, kwa sababu silinda hedi na rejeta ni za aluminiamu na huliwa na maji yasiyo na kinga. Utando wa mafuta juu ya maji, au chembechembe za dawa ya kuziba mivujo, ni sababu ya kuondoka hapohapo. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe, soma pande zote mbili na uamini upande ulio chini. Dipstiki ya Subaru husumbua injini ikiwa ya moto kwa sababu oili hubaki kwenye bomba lake, ndiyo maana asubuhi ndiyo saa yake.

Washa, usiguse pedali ya mafuta. Mgongano mwepesi unaosikika kwa dakika chache kisha ukaisha mara nyingi ni pistoni zinazocheza kwenye silinda zikiwa baridi. EJ nyingi hufanya hivyo na huishi miaka mingi. Mgongano mzito unaozidi injini ikipata joto na ukipandisha mizunguko ni beringi za rodi. Injini imenoki, na hakuna oili nzito itakayoiponya.

Kisha endesha nusu saa, pamoja na mlima au barabara ya kasi. Ukirudi, acha injini ikiwaka hadi feni ziwake na kuzima mara mbili. Tazama kopo la maji ya akiba. Mapovu yanayotoka mfululizo, kama ya soda iliyofunguliwa, maana yake gesi ya mwako inaingia kwenye maji. Hapo hakuna cha kujadili ila bei ya kufungua injini. Impreza nyingi za kuanzia mwaka 2007 hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu ya baridi na nyekundu ya hatari tu. Chomeka kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari na usome joto kwenye simu: ikitulia kati ya nyuzi 85 na 100 ni sawa. Ikivuka 105 na kuendelea kupanda, zima.

Mwisho, tafuta eneo tambarare la lami kavu, geuza usukani hadi mwisho, zunguka polepole. Gari likiwa kama linashikwa breki, au likiruka-ruka, mfumo wa magurudumu manne umeng'ang'ania. Pita chini ya gari uangalie mpira wa ndani wa shafti ya mbele ya kulia. Uko karibu na bomba la moto la moshi, ndio huchanika kwanza, na grisi inayorukia bomba hilo hutoa harufu ya kuungua ambayo wengi huidhania oili.

Maji: hapa ndipo Subaru huokolewa au huuawa

Fundi akikwambia atoe themostati ili gari lipoe, mshukuru na uondoke. Themostati ya EJ iko chini, mahali maji yanapoingia kwenye pampu, na hufunguka karibu na nyuzi 78. Ikitolewa, mzunguko wa maji unavurugika, injini inafanya kazi ikiwa baridi mno mwendoni, inakula mafuta, na chanzo cha kuchemsha kinabaki palepale. Nunua themostati ya asili. Za bei nafuu mara nyingi zina mdomo mdogo usiopitisha maji ya kutosha.

Namna gari linavyochemsha hukuonyesha pa kutafuta. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukitembea, angalia feni mbili za umeme, fyuzi na relei zake, na uchafu uliojaa kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Likichemsha kwenye mlima au kasi kubwa lakini likatulia ukisimama, shuku rejeta iliyoziba ndani au gasketi inayoanza kuachia. Likichemsha huku mpira wa chini wa rejeta ukiwa baridi na hita ikipuliza hewa baridi, kuna hewa ndani, na swali linalofuata ni iliingiaje. Duka lenye vifaa vizuri litakuwa na kipimo cha dawa ya bluu inayogeuka manjano ikikutana na gesi ya mwako. Kinamaliza ubishi kwa dakika chache, bila kufungua kitu.

Kujaza maji kuna utaratibu wake, na kuukiuka kumechemsha magari mengi yaliyotoka gereji yakiwa mazima:

1. Injini iwe baridi, gari lielekezwe kidogo juu upande wa mbele. Fungua skrubu ya plastiki ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta.
2. Achia mpira wa juu wa rejeta upande wa rejeta, mimina kulanti ndani ya mpira huo taratibu ili injini yenyewe ijae kwanza. Urudishe.
3. Jaza rejeta hadi kulanti itoke kwenye skrubu, kisha ifunge kwa mkono. Ni ya plastiki, hukatika haraka. Kwa gari la turbo, jaza kupitia tangi dogo lililo juu ya injini, kwa sababu ndilo sehemu ya juu kabisa.
4. Weka hita kwenye joto la mwisho. Washa, shikilia mizunguko 2,000 hadi 3,000 huku ukiminya mipira ya juu na chini. Endelea hadi feni ziwake.
5. Zima, acha ipoe kabisa, ongeza kilichopungua. Rudia kesho yake asubuhi.

Injini nyingi za EJ20 huchukua kati ya lita 6 na 7. Ikiwa umetoa yote na zimeingia lita 4 tu, kuna hewa ndani na safari ya Morogoro haifai kuanza.

Gasketi ikishakufa, fungua zote mbili, usifungue upande mmoja. Ni bora injini itolewe nje. Ikiwa ndani ya gari, fundi hana nafasi ya kusafisha uso wa bloku vizuri, na kazi hiyo ndiyo inayoamua kama utarudi gereji baada ya miezi mitatu. Asitumie grainda yenye diski ya msasa: inachimba aluminiamu, na vumbi lake likiingia kwenye oili linakula beringi za krenki. Silinda hedi zipelekwe kwenye mashine zipimwe kwa rula iliyonyooka. Mpindo unaozidi mm 0.05 unataka kusawazishwa. Bolti zipakwe oili kwenye nyuzi zake na kwenye kipete (washa), zibanwe kuanzia katikati kwenda nje, zilegezwe, zibanwe tena, na mwisho zimaliziwe kwa kipimo cha digrii kama kitabu cha injini hiyo kinavyosema. Fundi anayebana kwa hisia za mkono hapa anakuandalia kazi ya pili.

Mkanda wa taiming

Kwenye EJ na EL15 mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, kwenye nyingi ya injini hizi valvu hugonga pistoni na kupinda. Kilomita kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma kabla gari halijafika bandarini, kwa hiyo kama hakuna stika ya tarehe chini ya boneti au karatasi ya huduma, ubadilishe na uandike tarehe mwenyewe.

Usinunue mkanda peke yake. Nunua pamoja na roli zote, tenshena na pampu ya maji. Roli yenye meno ikikwama hula mkanda mpya, na pampu ikianza kuvuja utalipia kazi ileile mara ya pili. Hakikisha pampu inalingana na injini, kwa maana ya turbo na isiyo ya turbo mara nyingi hutofautiana kwenye mabomba.

Kosa linaloharibu injini nyingi liko kwenye kupanga alama. Gia ya krenki ina mshale unaovutia macho, na fundi mgeni huupeleka juu. Mshale huo si alama ya kufungia mkanda. Alama yenyewe ni kistari kidogo kwenye ubapa wa nyuma wa gia, kinachoelekezwa kwenye ufa mdogo ulio juu ya pampu ya oili, yaani juu kabisa. Gia za kamshafti nazo zina vistari vyake, siyo mishale. Kwenye injini ya kamshafti nne, gia za upande wa kushoto zimebanwa na springi za valvu na zinaweza kuruka ghafla. Mtu wa pili azishike.

Tenshena ya haidroliki irudishwe ndani ikiwa imesimama wima kwenye jiliwa, taratibu kwa dakika kadhaa, kisha ichomekwe pini ya mm 2. Ikiminywa kwa haraka hupasuka sili yake ya ndani na mkanda utalegea baada ya muda. Baada ya kuchomoa pini, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kwa soketi ya 22 na usome alama upya. Mistari iliyochorwa kwenye mkanda wenyewe haitarudi mahali pake. Hilo ni kawaida, angalia alama za gia. Bolti kubwa ya puli ya krenki ibanwe kwa toki wrenchi kulingana na kitabu. Iliyolegea hutikisa puli, hula funguo na gia, na gharama yake ni kubwa kuliko kazi yote uliyofanya.

Oili, na hasa kwa wenye turbo

EJ20 huchukua takriban lita 4 hadi 4.5 pamoja na filta. Kwa barabara zetu za vumbi na foleni, kilomita 5,000 ndiyo mipaka ya busara, na kwa turbo usivuke kabisa. Oili ya 5W-30 inafaa kwa nyingi. Turbo iliyotembea sana inavumilia vizuri 5W-40.

Chini ya gari kuna bolti zaidi ya moja za kumwagia, na hapa hutokea ajali ya kijinga inayoua giaboksi. Kwenye otomatiki ya gia nne, sampu ya giaboksi ina bolti yake, na difu ya mbele ina bolti ya nyota. Fundi humwaga oili ya giaboksi akidhani ni ya injini, kisha anaongeza oili mpya juu ya ile ya zamani kwenye injini. Gari linaondoka na injini iliyojaa kupita kiasi na giaboksi kavu. Simama umwone akifungua bolti, na kabla ya kuwasha pima dipstiki ya injini na ya giaboksi.

Kwenye injini nyingi za turbo za kuanzia miaka ya 2004, bomba la oili linaloenda kwenye turbo limefungwa kwa bolti yenye chujio dogo ndani. Likiziba, turbo hufa kwa kiu, na turbo mpya ikifungwa bila kusafisha chujio hufa vilevile. Lisafishe au libadilishe, na umwage oili mara mbili kwa muda mfupi kabla ya kuweka turbo nyingine.

Jambo jingine la turbo ni petroli. Injini hizo zilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Tumia ya oktani ya juu inapopatikana, usikanyage hadi mwisho mlimani ukiwa na mzigo, na usiruhusu mtu akuongezee presha ya turbo.

Tairi, giaboksi na breki-dauni

Kwa gari linalovuta kwa magurudumu manne, tairi ni sehemu ya giaboksi. Pima mzunguko wa kila tairi kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya kashata (sehemu inayokanyaga barabara): tofauti kati ya kubwa na ndogo isizidi mm 6. Kununua tairi mbili mpya na kuacha mbili zilizokwisha huilazimisha klachi ya nyuma ya giaboksi iteleze bila kupumzika, na hapo ndipo ule ung'ang'anizi wa kwenye kona huanzia. Badilisha zote nne, zizungushe nafasi kila kilomita 10,000.

Ukilazimika kutumia tairi ndogo ya akiba kwenye otomatiki ya zamani, tafuta chini ya boneti kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD na uchomeke fyuzi humo. Gari litavuta kwa mbele tu hadi ufike. Ukiharibikiwa barabarani, kataa breki-dauni inayonyanyua magurudumu mawili. Subaru hupakiwa yote juu ya lori, vinginevyo magurudumu yaliyobaki chini yanaisaga giaboksi njia nzima.

Otomatiki ya gia nne ni imara. Oili yake ni zaidi ya lita 9 kwa jumla, lakini ukimwaga hutoka nusu tu, basi rudia mara mbili au tatu kwa nafasi ya kilomita mia chache. CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia) ya aina ya Lineartronic, iliyoanza kwenye Legacy ya mwaka 2009, inataka uangalifu zaidi. Ikitetemeka ukipunguza mwendo, au injini ikizimika gari linaposimama, tatizo liko kwenye klachi ya kufungia ya konveta au kwenye valvu za giaboksi. Huko Marekani kampuni ililazimika kurefusha dhamana ya giaboksi hizo hadi miaka 10 au maili 100,000. Tumia oili ya CVT ya aina iliyoandikwa kwa modeli yako tu, na ujazo upimwe oili ikiwa kwenye joto lililowekwa, siyo kwa kukisia.

Forester za SG zilizoinama nyuma mara nyingi zimetoka kiwandani na shokapu zinazojinyanyua zenyewe. Zikifa, bei yake huumiza. Unaweza kuweka za kawaida, lakini badilisha na springi pamoja, maana springi za mfumo ule ni laini na peke yake haziwezi kubeba gari.

Mifuko ya hewa, kwa wa pwani hasa

Subaru ni miongoni mwa kampuni nyingi zilizotumia vipulizio vya mifuko ya hewa vya Takata, kwenye Impreza, Legacy na Forester za miaka ya 2000 na mwanzoni mwa 2010. Kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko ukifumuka unaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa aliyeketi mbele. Gari lililokaa Mombasa, Tanga au Zanzibar lipo kwenye mazingira hayohayo yanayoharibu. Chukua namba kamili ya chesisi, iingize kwenye ukurasa wa marejesho (magari yanayoitwa na kampuni yarekebishwe) wa tovuti ya Subaru ya Japani, au uipeleke kwa wakala wa kampuni aliye karibu nawe na uulize kama kipulizio kilibadilishwa kabla gari halijasafirishwa. Usikubali fundi wa mtaani akifungue kukikagua kwa macho: uharibifu wenyewe uko ndani, hauonekani. Betri itolewe kabla ya mtu yeyote kugusa usukani au dashibodi upande wa abiria.